Moshi wa siga unapitishwaje puani bila mtu kutoka machozi?

Dereva_Mstaafu, Bombo

Salaam wakubwa. Nina swali ambalo nikimwuliza mtu hapa mtaani nitachekwa mpaka Idd ijayo, ndiyo maana nimelileta huku ambako hamnijui sura.

Mimi ni mvutaji wa sigara wa siku nyingi. Nilianza jeshini, enzi tukiwa kaskazini, lindo la usiku na baridi ya alfajiri. Jeshi nimeliacha, sigara haijaniacha. Sasa ni dereva wa mzee mmoja mfanyabiashara anayekaa Kololo, Kampala. Mtu mwema, hana makelele, ila ana starehe yake moja: siga. Nazungumzia zile nene za kahawia zinazokunjwa kwa mkono, si hizi zetu za pakiti. Jioni anakaa kibarazani nyuma ya nyumba, anakata ncha kwa kikasi chake, anaiwasha polepole huku anaizungusha kama mtu anayechoma hindi, na saa nzima ikipita bado anayo mkononi. Na moshi unamtoka puani, mwembamba, umetulia, mzee hata hakunji uso.

Sikukuu iliyopita akanipa tatu. Moja ina pete ya karatasi imeandikwa Nicaragua, mbili pete zilikuwa zimechomoka. Akaniambia: "Sajenti, hizi usizivute kama sigara. Usimeze moshi. Na usipoupitisha puani, umekula nusu sahani." Nikasema sawa mzee. Bosi akiwa na mguu mmoja ndani ya gari humwulizi swali la pili.

Jumapili nikaketi nyuma ya jiko, chini ya mfenesi, mama watoto akikaanga vitunguu ndani. Nikawasha ile ya Nicaragua. Funda la kwanza, mazoea ni mabaya, likashuka lote kifuani. Nilikohoa mpaka kuku wakahama. La pili nikakumbuka amri: nikalishika mdomoni, nikafunga midomo, nikalisukuma lote puani kwa nguvu, kama mtu anayepenga kamasi. Ndugu zangu! Mafunzoni tulishapitishwa kwenye gesi ya machozi. Gesi ilikuwa na huruma. Macho yalijaa, pua ikawaka hadi kwenye paji la uso, mjukuu akakimbia kumwita bibi yake: "Jajja analia!" Mama watoto akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani kafa.

Na ladha yenyewe? Uchungu na majivu. Mzee yeye hunihadithia njiani: hii ina mdalasini, hii ina kahawa, ile ya jana ilikuwa na ngozi na mkate wa kuoka. Mimi nasikia moshi tu.

Kwa hiyo nauliza kwa wanaojua. Kweli kuna ladha puani au ni maringo ya wenye pesa? Na kama ipo, unaupitishaje? Nisiwafiche: hiyo niliyovuta ilikaa wiki mbili kwenye dashibodi ya gari. Hizo mbili nimeziweka kwenye friji, mlangoni, zisiharibike.

Kiboko_wa_Jinja

Afande, pua Mungu alikupa ya kuvutia hewa na kupenga. Ukitaka kitu cha puani nunua ugoro, bei ya chai ya rangi, utapiga chafya mbili na kesho unaamkia kazini. 😂😂

Lakini na mimi nataka kujua. Nangoja hapa.

Mwonjaji_Mbale

Shikamoo afande. Nimecheka mpaka mfanyakazi mwenzangu kaja kuangalia simu yangu. Ngoja nikujibu vizuri, maana swali lako linagusa kazi yangu.

Mimi ni mwonjaji wa kahawa. Wakulima wanateremsha arabika kutoka miteremko ya Elgon, upande wa Sironko na Bulambuli, sisi tunakaanga kidogo, tunasaga, tunamwagia maji ya moto, tunaonja vikombe hata 40 kwa siku na kutema. Siga navuta tatu au nne kwa mwaka, mnunuzi wa ng'ambo akiniachia. Si mtaalamu wa siga. Lakini pua ni ile ile.

Ladha ipo, na si maringo. Ulimi wenyewe ni maskini: unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Basi. Mdalasini, kahawa, karanga, embe, hayo yote ulimi hauyajui. Anayeyajua ni pua, na hayamfikii kwa mlango wa mbele tu. Nyuma kabisa ya kaakaa, pale panapokuwa laini, kuna njia inayopanda kutoka kooni kwenda puani. Ukitafuna na kutoa pumzi, harufu inapanda kwa mlango huo wa nyuma, na wewe unadhani unaisikia ulimini. Ndiyo maana mtu mwenye mafua anakula pilau na kulalamika halina kitu.

Usiniamini, jaribu. Changanya sukari na unga wa mdalasini kwenye kijiko. Ziba pua kwa vidole, kisha weka mdomoni. Utasikia sukari peke yake na mchanga mchanga wa unga. Tafuna kidogo, halafu achia pua. Mdalasini utaingia kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni. Mpe na mjukuu, atafurahi. Wanafunzi wapya hapa kwetu nawaanzishia hapo kabla sijawapa kikombe.

Sasa tuje kwenye machozi yako. Ulipiga hesabu mbaya mara mbili. Kwanza ulipeleka mzigo wote. Funda zima la moshi puani hata bosi wako hapitishi. Anachofanya, na hata wewe ukimtazama vizuri utaona, ni kuachia moshi mwingi utoke mdomoni kwanza. Unaobaki ni kama robo, au chini yake, umelalia ulimi. Huo ndio unaopandishwa.

Pili, uliusukuma. Moshi hausukumwi, unachukuliwa. Fanya hivi: kabla hujavuta, uwe na pumzi ya kutosha kifuani, hewa safi. Vuta siga kwa mashavu, kama unanyonya mrija wa soda, kifua kisishughulike kabisa. Achia mwingi utoke. Funga midomo. Halafu guna: "mmmm", kama mtu aliyeonja mchuzi ukampendeza. Usifanye zaidi ya hapo. Ukiguna, ile kaakaa laini inateremka yenyewe, hewa safi kutoka kifuani inapita nyuma na kutokea puani, na inauzoa ule moshi kidogo njiani. Kilichopita puani kitakuwa hewa zaidi kuliko moshi. Ndiyo maana wa mzee ni mwembamba.

Mazoezi ya kuguna fanya na kahawa au chai ya tangawizi. Meza, funga midomo, guna polepole. Ukisikia tangawizi inapanda nyuma ya pua, umeshafika, na hujachoma hata jani moja. Sisi kazini tunafyonza kijiko kwa kelele ya aibu, fyuuup, makusudi ili kahawa itawanyike, kisha tunatoa pumzi kwa pua. Mgeni akiingia anadhani tumekosa adabu.

Kuhusu kuwaka: tofautisha kuwaka na kunusa. Kinachowaka ni mshipa mwingine wa fahamu, ule ule unaokuliza ukikata vitunguu au ukipaliwa na pilipili. Kuwaka kukizidi, kunazima kila kitu, pua haiwezi kusikia karanga huku inaungua. Kwa hiyo mwenye kujikaza hapati ladha zaidi, anapata chache.

Na ulianza pabaya. Siga nyingi za Nicaragua zina pilipili yake. Majani ya juu kabisa ya mmea, wanayaita ligero, yanapigwa jua sana, yanakuwa mazito na makali. Yale ya chini, volado, ni mepesi na yanashika moto vizuri, na ya katikati ndiyo yenye harufu. Mkunjaji anachanganya apendavyo. Kumwanzisha mtu kutoa moshi puani kwa siga yenye ligero nyingi ni kama kumfundisha mtu udereva kwa trela lenye mzigo, kuteremka Kapchorwa, mvua inanyesha.

Hiyo ya dashibodi isamehe. Siga inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 na joto la kama nyuzi 20. Dashibodi ya Kampala saa saba mchana ni tanuri. Jani lililokauka linaungua haraka, moshi unakuwa moto na mchungu. Majivu uliyoyasikia yalikuwa ya kweli.

Na za friji zitoe leo leo. Friji inakausha. Tena jani la tumbaku linanyonya harufu ya jirani. Jirani yake huko mlangoni ni nani?

Dereva_Mstaafu, Bombo

Marahaba mwanangu, na asante. Umenifundisha kama mkufunzi, ila wewe hupigi.

Jirani yake ni mukene, wale dagaa wetu wa ziwani. Mama watoto huweka mukene mkavu kwenye mfuko pale pale, anasema panya hawafiki.

Mwonjaji_Mbale

Mukene! Pole afande. 😅

Ziweke kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, na kipande cha sifongo kilicholowa maji yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa, yale ya betri wanayouza petroli stesheni, ambayo hayana dawa. Maji yenyewe tupu, si asidi, angalia vizuri chupa. Maji ya bomba yanaleta ukungu. Sifongo isiziguse. Ziache wiki tatu. Unyevu utarudi. Harufu ya mukene siahidi.

Na hizo zisizo na pete, zipime. Ya inchi 5, unene wa kidole gumba, wanaiita robusto. Usichanganye na robusta yetu ya kahawa, ambayo mpaka leo inaota yenyewe msituni kule Kibale. Ya inchi 7 ni Churchill, kwa jina la yule yule Mwingereza aliyepita Uganda mwaka 1907, kabla hajawa mkubwa. Ndefu usianzie.

Binti_Terego

Mnanirudisha utotoni jamani. Mimi sivuti na sitavuta, lakini baba alikuwa mkulima wa tumbaku kwetu West Nile, na tanuri la kukaushia majani lilikuwa mita thelathini kutoka mlango tuliolala.

Kazi yetu watoto ilikuwa kufunga majani kwenye fito. Asubuhi na umande, hapo ndipo palikuwa na shida. Jani bichi likilowa linatoa nikotini na inapita kwenye ngozi ya mikono. Mara mbili nimetapika shambani nikadhani malaria, mama ananipeleka kliniki, damu haina kitu. Nilikuja kujua mkubwa kwamba ule ni ugonjwa wenye jina lake, unawapata wavunaji wa tumbaku popote duniani.

Lakini harufu ya tanuri, siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Siku ya kwanza ni majani mabichi, kama nyasi zilizokatwa. Siku ya tatu au ya nne majani yamegeuka manjano, harufu inakuwa ya asali na nyasi kavu. Baba alikuwa anafungua kitundu cha mlango, anaingiza pua, anavuta pumzi moja, anasema "bado" au "tayari". Hakuwa na kipima joto kilichokuwa kizima. Mtu ambaye kila kitu alikijua kwa pua, na mwishoni hakusikia harufu yoyote, moshi wa kuni na tumbaku ulimmaliza hewa. Nasema tu.

Afande, nadhani hapa ndipo mazoea yako yanapokukwamisha. Ile tumbaku yetu ya tanuri inakaushwa kwa joto kama wiki moja, sukari yake inabaki ndani ya jani, na moshi wake unakuwa na tindikali. Hiyo ndiyo ya sigara za pakiti. Ya siga haipikwi hivyo. Inaning'inizwa bandani, kivulini, wiki nyingi, inakuwa kahawia yenyewe. Halafu inarundikwa marundo makubwa, inachemka kwa joto lake kama mbolea ya samadi, inageuzwa na kurundikwa tena miezi kadhaa. Humo ndimo ukali wa amonia unapungua na zile harufu za kahawa na ngozi zinapotoka. Hakuna aliyetia mdalasini. Siga iliyoharakishwa inabaki na amonia, na amonia puani hata ukiguna vipi utalia.

Nyanya yangu alivuta tumbaku hiyo hiyo ya nyumbani kwa kiko hadi uzee. Moshi alikuwa anautoa puani akiwa anatwambia hadithi, tundu moja kwanza, kisha la pili. Tulikuwa tunamsikiliza kwa ajili ya hilo.

Kampuni iliyokuwa inanunua kwa baba siitaji. Ilimkopesha mbegu na mbolea, ikamkata mpaka mwaka mmoja alirudi sokoni na kilo moja ya sukari. Na miti ya kuni za tanuri, yote ya upande wa mtoni, ilikwisha tukiwa shule ya msingi.

Tabibu_Lira

Nimesoma hadi hapa bila kuingilia, sasa niruhusuni. Sikuja kuvunja baraza.

Binti Terego amegusa jambo kubwa. Kwa sababu moshi wa sigara una tindikali, nikotini yake haiingii vizuri mdomoni, ndiyo sababu mvutaji anaupeleka mapafuni. Moshi wa siga uko upande wa pili, ni wa alikali, na nikotini inapenya kwenye ngozi laini ya mdomo bila kumezwa. Ya pua pia inapitisha, tena haraka. Hata dawa za kuwasaidia watu kuacha sigara, mojawapo ni nikotini ya kupuliza puani. Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba kwa vile hamezi, hachukui.

Halafu wingi. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Afande, ukiimaliza na tumbo tupu utaona dunia inazunguka, jasho la baridi, kichefuchefu. Kula kwanza. Ikianza, weka chini, kunywa kitu chenye sukari, kaa penye hewa. Siga haiombi imalizwe, ikifika nusu iache ijizimie yenyewe.

Na saratani ya mdomo, ya koo, ya umio, ya kisanduku cha sauti, zote siga inazileta, na ya mapafu pia. Hatari ya ziada kwako ni kwamba wavuta sigara wanaohamia siga huwa wanaendelea kumeza moshi, kama ulivyofanya na lile funda la kwanza. Hilo ndilo linanitia wasiwasi kuliko pua yako.

La mwisho ni mjukuu. Asikae karibu. Sheria yetu ya tumbaku ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na asiuziwe mtu chini ya miaka 21, lakini mfenesi wa nyumbani kwako haukuandikwa. Hapo sheria ni wewe.

Kiboko_wa_Jinja

Tabibu, umenifanya nizime hata ile niliyokuwa nimeshika. Wiki ijayo tutaona.

Dereva_Mstaafu, Bombo

Nimerudi. Wiki tatu na siku mbili, nimehesabu.

Tuanze na mdalasini. Tulikaa mezani watu watatu, mimi, mama watoto na mjukuu, kila mtu na kijiko chake, pua tumeziba. Mama watoto alisema huu ni upuuzi wa wazee wastaafu. Akaachia pua, akanyamaza, akaniomba kijiko cha pili. Mjukuu sasa anaziba pua kwa kila kitu, jana ameziba akila maharage, anasema anataka kuyashtukiza.

Kuguna nimefanyia mazoezi kwenye gari, na chai ya tangawizi ya kikombe cha kufunika. Asubuhi napeleka watoto wa mzee shule, nikiwa kwenye foleni ya Jinja Road naguna. Askari wa barabarani aliniangalia sana siku moja.

Kisha juzi, baada ya chakula cha mchana (Tabibu, nilishiba, ilikuwa ugali na nyama), mjukuu kwa jirani, nikatoa moja kwenye mkebe. Ni ile fupi, robusto, nimepima kwa rula ya shule. Jani lilikuwa limerudi, ukibonyeza linanesa kidogo. Nikawasha kwa kiberiti cha njiti. Mafunda manne ya kwanza nilivuta na kutoa mdomoni tu, najifunza kuzuia kifua. Hilo lilikuwa gumu kuliko pua, nawaambia ukweli. Kifua changu kimezoea kupokea, kila nikivuta kinafungua mlango chenyewe. Nilikuwa nashika mbavu kwa mkono wa kushoto kukikumbusha.

La tano nikaachia mwingi, nikabakiza kidogo, nikafunga midomo, nikaguna.

Iliwasha, lakini kama kunusa pilipili manga, si kama gesi. Na nyuma yake ikaja karanga. Karanga za kukaanga na chumvi, zile za kwenye vifungu vya karatasi pale stendi ya matatu. Nikasema ni mawazo yangu. Nikangoja, nikavuta kama dakika mbili bila pua, halafu nikaguna tena. Karanga zikarudi, na safari hii kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikijua ila jina halikuja. Nimekaa nakitafuta, siga inajivutia yenyewe mkononi. Kumbe ni mkanda. Ule mkanda mpana wa ngozi wa jeshi, siku ya gwaride, umeupaka rangi ukaufuta kwa kitambaa, jua limeupiga. Sijaunusa miaka kumi na tatu. Nimeukuta nyuma ya pua yangu mwenyewe, Bombo, chini ya mfenesi.

Niliguna kama mara sita hivi kwa jumla. Ilipofika nusu ukali ukapanda, kichwa kikaanza kuwa chepesi, nikaiweka kwenye kisahani. Tabibu nimekutii.

Lakini lazima niseme na hili. Mwisho mwisho kabisa, baada ya karanga na mkanda, kulikuwa na kitu cha tatu. Kwa mdomo hakikuwepo, kwa pua kilikuwepo kila mara. Sikutaka kukitaja jina.

Leo asubuhi nikachukua ile ya tatu, haijawashwa, nikaenda nayo kazini. Nikamwambia mzee, nimejifunza kuguna. Akacheka sana, akasema yeye mwaka mzima alikuwa anatoka machozi na kujifanya ni vumbi, na mpaka leo siga ikivuka nusu haipitishi puani hata moja. Akaichukua ile ya tatu mkononi kuiangalia. Akaipitisha chini ya pua, polepole, mara moja. Akasimama. Akaipitisha tena.

"Sajenti," akasema, "hii uliiweka wapi? Mbona ina samaki?"

Mwonjaji_Mbale

Afande, kuja Mbale. Kuna kiti mezani, vikombe 40 vinakusubiri, na kutema tutakufundisha.

Binti_Terego

Huo mkanda umenigusa.

Na mama watoto ulimwambia mukene wake umefika Kololo?

Dereva_Mstaafu, Bombo

Nimemwambia. Amesema siga ndiyo iliyoingia kwenye friji ya mukene, si mukene uliowekwa kwenye friji ya siga, na mkebe uondoke jikoni kwake kabla ya Ijumaa.